Umelipia na matangazo bado yanatoka? Mwongozo kamili wa kulipia YouTube bila matangazo, kuanzia akaunti mpaka kusitisha

Swali ni lile lile kila siku: nimelipia Premium (huduma ya kulipia YouTube bila matangazo), hela imekatwa, mbona matangazo bado yanakuja? Na la pili yake: nimesitisha, mbona wamekata tena? Wengi wanaouliza hawajaibiwa na simu zao hazina tatizo lolote. Wamelipia akaunti moja wakawa wanatazama na nyingine, au wamesitisha sehemu ambayo siyo inayokata hela.

Mwongozo huu nimeupanga kwa mtiririko unaozuia hayo mawili. Mfano mkuu ni YouTube Premium maana ndo inayosumbua wengi, Netflix na wenzake nitawagusa mwishoni.

Shika hili kabla ya yote: unalipia akaunti. Simu, TV na kompyuta ni vioo tu vya kutazamia, kila kioo kinaonyesha haki za akaunti iliyofunguliwa hapo. Ukilielewa hili nusu ya matatizo yamekwisha.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usibonyeze kitu kabla hujawa na hivi:

- Akaunti moja ya Google ambayo umeiamua, na nenosiri lake unalijua. Siyo "nadhani ni ile ya zamani".
- Laini inayopokea meseji za benki yako, iwe mkononi na ina mtandao. Namba ya kuthibitisha malipo inaisha muda haraka.
- Kadi ya Visa au Mastercard, hata ile ya mtandaoni isiyo na plastiki, iliyoruhusiwa kununua mtandaoni na nje ya nchi. Au njia nyingine yoyote ambayo ukurasa wa malipo wenyewe utakuonyesha.
- Salio lililozidi kidogo bei iliyoandikwa, kwa sababu kuna kodi, kuna makato ya kubadili fedha, na wakati mwingine Google inashikilia kiasi kidogo kwa muda ili kuhakiki kadi, hicho kinarudi chenyewe.
- Brauza, ya kompyuta au ya simu, siyo apu. Sababu utaiona hatua ya 4.
- Mahali pa kuandika mistari mitatu: akaunti ipi, unakatwa kupitia nani, unakatwa tarehe ngapi.

VPN, yani apu inayoficha uko nchi gani mtandaoni, kama unayo izime kabisa, usiiache inazunguka nyuma ukasema utaikumbuka baadae.

## Hatua ya 1: Jua unachonunua

Premium kamili inaondoa matangazo ya YouTube, video inaendelea kucheza ukizima skrini au ukihamia apu nyingine, unadaunlodi ndani ya apu, na YouTube Music Premium inakuja humo humo bila kulipia mara ya pili.

Hapo kuna mtego wa kwanza. YouTube Music Premium inauzwa pia peke yake, ni rahisi kidogo, na majina yanafanana. Mtu anaona neno Premium anabonyeza analipa, alafu anafungua YouTube ya kawaida anakutana na matangazo kama jana. Ile ya muziki inasafisha apu ya muziki tu.

Mtego wa pili ni Premium Lite, kwa nchi ambazo ipo. Inaondoa matangazo kwenye video nyingi lakini siyo kwenye muziki wala Shorts (zile video fupi za wima), na unaweza kuyaona pia ukiwa unatafuta au unapitia orodha za video. Kama wewe ni mtu wa mahojiano marefu, mapishi na masomo, Lite inaweza kukutosha na hela ikabaki. Kama nusu ya muda wako YouTube ni nyimbo, usiichukue, utakuja kulalamika.

Kuna wa familia na wa mwanafunzi. Wa familia una aliyelipa pamoja na watu wengine hadi 5, kuanzia miaka 13, wanaoishi anwani moja na mwenye mpango. Wa mwanafunzi unathibitishwa na kampuni inaitwa SheerID na unathibitisha upya kila mwaka, mwisho miaka 4, kwa hiyo kama barua pepe ya chuo imeshafungwa usipoteze muda wako hapo.

Onyo: matangazo anayoyasema mwenye video kwa mdomo wake ("video hii imeletwa kwenu na...") hayaondoki na hakuna mpango wowote wa YouTube unaoyaondoa, yamerekodiwa ndani ya video yenyewe. Ukiwa na Premium utaona wakati mwingine, ukigusa mara mbili kuruka mbele, kinatokea kitufe cha kukupeleka pale watazamaji wengi wanaporukia, kinasaidia. Ila usiseme umetapeliwa.

## Hatua ya 2: Amua akaunti, alafu iandike

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo inayowarudisha kuuliza.

Fungua YouTube kwenye simu unayoitumia zaidi. Gusa picha yako ya wasifu, alafu gusa sehemu ya kubadili akaunti. Orodha ikitokea utashangaa: kuna ya kazini, kuna ile uliyofungulia simu ya zamani, kuna ya mtoto, kuna chaneli uliyoianzisha ukaiacha. Zote ziko kwenye simu moja na YouTube inakumbuka ile uliyoitumia mwisho.

Chagua moja. Kigezo changu ni rahisi: chagua yenye historia yako ya kutazama na chaneli ulizofuata. Usichague ya kazini hata kama ndo iliyofunguka kwanza. Siku ukihama kazi inafungwa na kila kitu chake, na akaunti za Google za ofisini haziingii kwenye mpango wa familia.

Sasa sikiliza hapa, maana hii inawapiga hata wajuzi. Imeili moja inaweza kuwa na chaneli zaidi ya moja. Unayo ile ya jina lako, alafu unayo ya biashara au ya kwaya au ya timu, zote chini ya imeili ile ile. Ukilipia ukiwa umesimama kwenye chaneli ya biashara, Premium inakaa kwenye hiyo ya biashara. Ukirudi kwenye jina lako, matangazo yanakusubiri, na ukiangalia imeili unaona ni ile ile ndo maana unachanganyikiwa.

Na Premium haihamishiki. Hakuna kitufe cha kuihamisha toka akaunti hii kwenda ile, njia ni moja: usitishe upande mmoja, ulipie upya upande mwingine. Ndo maana nasema andika.

Utajua umefanikiwa: unaweza kutaja bila kufikiri imeili gani na chaneli gani, na picha ya wasifu uliyoiona hapo utaitambua ukiiona kwenye kifaa kingine. Weka picha halisi, siyo ile herufi moja kwenye duara la rangi, maana akaunti mbili zenye herufi ile ile zinafanana kabisa kwenye skrini ndogo.

## Hatua ya 3: Linganisha nchi ya akaunti na nchi ya kadi

Google ina kitu kinaitwa wasifu wa malipo, uko pay.google.com. Ndani yake kuna nchi, na ikishawekwa ile nchi haibadilishwi. Ukihama nchi kweli unatengeneza wasifu mpya, na kwa upande wa Google Play nchi unaruhusiwa kuibadili mara moja tu kwa mwaka.

Kwa nini inahusu? Kwa sababu bei, njia za malipo, na hata kama Premium ipo au haipo kwako, vinafuata nchi. Kadi ya nchi moja kwenye wasifu wa nchi nyingine mara nyingi inagoma, na ujumbe unaokuja hausemi sababu, unakwambia tu malipo hayakufanikiwa jaribu njia nyingine. Mtu anajaribu tena, na tena, na tena, mpaka benki inaona vurugu inaifunga kadi. Ikigoma mara mbili simama, angalia nchi kwanza.

Kuhusu kuwasha VPN ili uonekane uko nchi yenye bei ndogo: nawajua wanaosifia hiyo njia, lakini YouTube wameshaanza kusitisha uanachama ulionunuliwa kwa nchi isiyo ya kweli. Kwa mwezi mmoja sawa utafaidi, ila ukiwa umelipa mwaka mzima kwa mkupuo hapo unacheza kamari.

Utajua umefanikiwa: ukifungua youtube.com/premium bila VPN unaona bei kwa sarafu unayoitegemea. Ukiona ujumbe kwamba huduma haipo kwenye nchi yako, umefika mwisho, hakuna hatua ya 4 kwako mpaka ifike.

## Hatua ya 4: Lipia kupitia brauza

Fungua brauza, nenda youtube.com/premium, na kabla ya kitu kingine angalia ile picha ya wasifu kwenye kona. Ni yenyewe? Endelea.

Kwa nini brauza wakati apu ipo hapo? Kwa wenye iPhone sababu ni hela. Ukinunua ndani ya apu ya iPhone malipo yanapita Apple, Apple inachukua asilimia 30 mwaka wa kwanza na 15 inayofuata, na YouTube hiyo gharama inakuwekea wewe, ndo maana bei ndani ya apu ni kubwa kuliko kwenye tovuti kwa kitu kile kile kabisa. Wenye Android hawana hilo tatizo la bei, ila hata kwao brauza ina faida moja: unajua fika nani anakukata, na siku ya kusitisha hutazunguka.

Hatua zenyewe:

1. Bonyeza mpango unaoutaka. Kama una sifa ya kujaribu bure, kitufe chenyewe kitasema hivyo. Aliyewahi kuwa na Premium au Music Premium huko nyuma kwa kawaida haipati tena.
2. Soma mstari mdogo wa chini unaotaja tarehe ya kwanza ya kukatwa. Piga skrinishoti. Naomba usiupite, ni sekunde tano.
3. Weka namba za kadi. Jina liandike kama lilivyo kwenye kadi, na anwani na namba ya posta ziwe zile benki inazozijua.
4. Benki itatuma namba ya kuthibitisha. Usifunge ukurasa kwenda kuisoma, soma kwenye kidirisha cha juu au tumia simu nyingine. Ukurasa ukijipakia upya muamala unakatika katikati.
5. Subiri ukurasa wa kukukaribisha. Usibonyeze mara mbili.

Onyo: kujaribu bure bado kunataka kadi, na kadi hiyo itakatwa kipindi kikiisha bila kuulizwa tena. Huku siyo kuibiwa, umekubali pale juu. Kama unajua hutaendelea, weka kengele kwenye simu siku mbili kabla.

Kadi ikikataliwa: kagua kwa mpangilio huu. Salio lipo na limezidi bei? Manunuzi ya mtandaoni yamewashwa kwenye apu ya benki? Ya nje ya nchi nayo? Kuna kikomo cha matumizi kwa siku? Nchi zinalingana? Kadi za kujaza kabla, zile za zawadi hasa, zingine zinakubali ununuzi wa mara moja lakini zinakataa malipo ya kujirudia, na hii ni malipo ya kujirudia. Ukimaliza yote hayo na bado, piga simu benki uwaulize wanaona nini upande wao, maana mara nyingi muamala umezuiwa na benki na Google haijui chochote.

Ukikuta meseji ya benki inasema umekatwa lakini YouTube inasema imeshindikana, usilipe tena hapo hapo. Mara nyingi hela imeshikiliwa tu na itaachiwa. Ingia pay.google.com, angalia orodha ya miamala, kama haipo au imeandikwa kuwa imekataliwa basi subiri irudi.

## Hatua ya 5: Hakikisha imekaa panapotakiwa

Usihakikishe kwa kufungua video na kusubiri tangazo, hiyo siyo hakika, kuna video hazina matangazo tangu mwanzo. Nenda youtube.com/paid_memberships. Unatakiwa kuona jina la mpango, tarehe ya malipo yajayo, na njia ya malipo. Kwenye apu utaikuta ndani ya setingi, sehemu ya ununuzi na uanachama.

Ukurasa ukiwa mtupu wakati hela imekatwa, jibu ni hatua ya 2: badili akaunti, fungua ukurasa huo huo kwa kila akaunti na kila chaneli mpaka uione. Iko mahali. Tafuta pia imeili ya risiti, angalia imetumwa kwenye sanduku lipi, mara nyingi hiyo peke yake inamaliza kesi.

Ukurasa ukiwa sawa lakini matangazo bado yapo kwenye simu, toka kwenye akaunti, funga apu kabisa, ingia tena. Kama unatumia brauza ya siri au unatazama video iliyobandikwa ndani ya tovuti nyingine, kumbuka huko YouTube inaweza isikutambue, hasa ukiwa umezuia vidakuzi (cookies, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti inakutambua nazo). Fungua video kwenye YouTube yenyewe uone tofauti.

## Hatua ya 6: TV

TV ndo bingwa wa kusahaulika. Umelipia kwenye kompyuta, simu imekubali, jioni unakaa na wenzio unafungua YouTube kwenye TV, sekunde ya kwanza: tangazo. Ukiangalia pembeni ya skrini utaona kaduara cha wasifu, na ndani yake picha ya mtu mwingine au haina picha kabisa. TV iko kama mgeni, au iko na akaunti aliyoiweka aliyekuuzia, au ya mtoto.

Fanya hivi. Fungua YouTube kwenye TV, nenda kwenye kile kiduara, chagua kuongeza akaunti. TV itakupa msimbo wa herufi. Kwenye simu, ukiwa umeingia kwenye akaunti iliyolipiwa, fungua yt.be/activate, andika msimbo, na itakapokuuliza akaunti ipi usibonyeze ya kwanza kwa haraka. Soma jina.

Kama watu kadhaa wanatumia TV hiyo, kila mtu akibadili wasifu matangazo yanaweza kurudi, kwa sababu haki haigandi kwenye TV. Nimewahi kuona nyumba nzima inagombana na rimoti kumbe kila anayekaa anachagua wasifu wake ambao haujalipiwa. Suluhisho ni mpango wa familia, au mkubaliane kutumia wasifu mmoja, ila huo wa pamoja jiandae kupendekezewa katuni asubuhi hadi jioni.

Utajua umefanikiwa: zima TV, iwashe tena, fungua YouTube, wasifu ni ule ule bila wewe kugusa kitu.

## Hatua ya 7: Setingi mbili za kuweka sawa

Kucheza chinichini. Kwenye apu ya simu, ingia setingi, tafuta sehemu ya kucheza chinichini na vipakuliwa. Kuna chaguo la kucheza siku zote, la kucheza ukiwa na hedifoni au spika tu, na la kuzima. Watu wengi wanaodai haifanyi kazi iko kwenye chaguo la hedifoni. Kwa Android kuna adui mwingine, kiokoa betri cha simu, kinaiua apu ya YouTube dakika chache baada ya skrini kuzimika. Ingia setingi za betri za simu, itoe YouTube kwenye kubanwa.

Kudaunlodi. Video zilizodaunlodiwa zinakaa ndani ya apu. Hazionekani kwenye galari, hazitumiki kwa mwenzio, hazihamii kwenye flashi. Kila baada ya siku zisizozidi 30 simu lazima iguse intaneti ili YouTube ihakiki kwamba bado unalipa, la sivyo hazifunguki. Uanachama ukiisha zinaondoka pia, na mwenye video akiifuta, nakala yako nayo inaweza kutoweka ukiunganisha mtandao.

Weka ubora wa kudaunlodi mwenyewe, usiiachie apu, na washa kudaunlodi kwa Wi-Fi tu. Vinginevyo bando linaisha kabla hujajua. Angalia pia kama kudaunlodi kwa akili (smart downloads) kumewashwa, maana hiyo inakuchagulia video na kuzishusha bila kukuuliza.

## Hatua ya 8: Familia, na wale wa "Premium ya maisha"

Ukichukua wa familia, wewe unayelipa ndo msimamizi. Unatuma mwaliko kwa imeili, na kila mtu anakubali kwa akaunti anayotazama nayo, yani hatua ya 2 inarudiwa kwa kila mwanafamilia. Ukialika imeili ambayo mtu haitumii YouTube, ameshajaza nafasi na matangazo anaendelea nayo. Kila siku 30 Google inakagua kielektroniki kama wanachama wako anwani moja na msimamizi.

Alafu kuna sheria ambayo watu wanaijua ikishawauma: mtu anaweza kuhama kundi moja la familia kwenda lingine mara moja tu ndani ya miezi 12.

Sasa unganisha hiyo na wale wauzaji wa kwenye magrupu, "Premium ya maisha, lipa mara moja". Wengi wanachofanya ni kukuingiza kwenye kundi la familia la mtu usiyemjua. Wiki chache kundi linavunjwa au unatolewa, muuzaji hapatikani, na ukija kuanzisha familia yako halali au kuingia ya ndugu yako unaambiwa subiri. Umepoteza hela na umefungiwa mlango. Wengine wanataka uwape nenosiri lako kabisa, huyo usimjibu hata salamu, akaunti ya Google ina picha zako, imeili zako na huenda na namba za watu wako wote.

Zile apu za YouTube zilizochakachuliwa nazo nitazitaja kwa sentensi moja: unaingiza nenosiri la Google kwenye kitu ambacho hujui nani amekitengeneza.

## Hatua ya 9: Kusitisha au kusimamisha kwa muda

Kufuta apu hakusitishi. Kutoa simu kwa mtu hakusitishi. Kuisha salio kwenye kadi nako siyo kusitisha, YouTube itajaribu kukata tena na tena na siku ukiweka hela ya shughuli nyingine inaondoka.

Ulilipia kupitia tovuti? Rudi youtube.com/paid_memberships, bonyeza usimamizi wa uanachama, utaona kusitisha. Pembeni yake kuna kusimamisha kwa muda, kuanzia mwezi 1 mpaka miezi 6. Kama sababu ni kubanwa na hela au unasafiri, simamisha.

Ulilipia kupitia iPhone? Kwenye YouTube hutaona kitufe cha kusitisha, utaelekezwa Apple. Ingia setingi za simu, gusa jina lako juu kabisa, sabskripsheni, YouTube, sitisha. Fanya hivyo angalau saa 24 kabla ya tarehe ya kukatwa, ukichelewa unakatwa mwezi mwingine. Ukikatwa kimakosa dai lako unapeleka reportaproblem.apple.com.

Kuna wanaojikuta na vyote viwili, walilipia kwenye iPhone na kwenye tovuti kwa akaunti tofauti, wakasitisha kimoja. Ndo lile swali la "nimesitisha mbona wamekata". Angalia meseji ya benki: jina la aliyekata ni Apple au Google? Hapo umepata jibu bila kumuuliza mtu.

Utajua umefanikiwa: imeili ya kuthibitisha kusitisha imeingia, na ukurasa wa uanachama sasa unasema faida zinaisha tarehe fulani badala ya malipo yajayo. Kwa kawaida utaendelea kutazama bila matangazo mpaka hiyo tarehe, kwa hiyo ukisitisha siku ya tatu hupotezi siku zilizobaki, ila usitegemee kurudishiwa hela yake.

## Netflix, Prime Video na Twitch kwa kifupi

Kulipia mojawapo hakugusi matangazo ya nyingine. Linaonekana jambo la wazi, lakini linaulizwa.

Netflix ilianzisha mpango wenye matangazo Novemba 2022, kwa hiyo kwenye nchi ambazo upo, ukichagua wa bei ya chini kabisa bila kusoma umelipia matangazo. Soma maelezo ya mpango, kama yanataja matangazo yapo. Daunlodi zao nazo zina muda, filamu nyingine zinaisha saa 48 tangu uanze kuitazama.

Prime Video, ya Amazon, ilianza kuweka matangazo mwaka 2024, ikianzia Marekani na nchi nyingine chache, na anayetaka yaondoke analipa nyongeza juu ya ile anayolipa tayari. Hata ukilipa hiyo nyongeza, mechi na vipindi vya moja kwa moja bado vina matangazo.

Twitch, ile ya kutazama watu wakirusha matangazo mubashara, ukilipia chaneli ya mtu mmoja, matangazo yanaondoka kwenye chaneli hiyo, kama mwenyewe hajaamua vinginevyo. Wa kuondoa karibu kote unaitwa Turbo na ni malipo mengine.

Kote huko hatua ya 2 na ya 9 ni zile zile: andika akaunti, andika anayekata, andika tarehe. Kwa Netflix ongeza mstari mmoja, wasifu ulio ndani ya akaunti haubadili mpango, kwa hiyo ukiona matangazo usihangaike kubadili wasifu, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa akaunti uangalie mpango uliolipiwa ni upi.